Msiwaondolee Mzigo, Wapeni Breki

Kila baiskeli inapoanguka kwenye mteremko wa Bugarama kuja Bujumbura, lawama huenda kwa mzigo. "Kapakia mno," watu husema, na hapa chuoni wapo wenzangu wanaotaka itungwe sheria ya kilo. Mimi napinga.

Mtazameni kwanza mtalii avukaye nchi nzima kwa baiskeli. Mabegi yake huyaning'iniza pande mbili za gurudumu, vitu vizito chini, kulia kukilingana na kushoto, vyote vimekazwa visicheze. Sasa mtazameni mchukuzi wetu wa ndizi. Mikungu kulia, mikungu kushoto, mingine juu ya keria, imefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Kanuni ni ileile. Wa kwanza tunampiga picha, wa pili tunamwita mjinga! Mjinga huyo anajua kuwa mkungu ukicheza kidogo tu kwenye kona, baiskeli nayo itaufuata.

Kinachomwangusha ni breki. Baiskeli nyingi za wachukuzi husimamishwa na vipande vya raba vinavyobana rimu ya chuma. Rimu ikilowa mvua, raba huteleza. Na barabara hiyo inashuka zaidi ya mita 1,000 katika kilomita 35 hivi. Wengine humalizia kwa soli ya kiatu. Mpunguzie mtu huyo mkungu mmoja: umempunguzia chakula cha watoto, breki imebaki vilevile.

Mtanijibu kwamba wachukuzi hao hao hushika malori wakati wa kupanda. Ni kweli, ni hatari, na sitetei. Lakini wakati wa kupanda baiskeli mara nyingi ni tupu. Mzigo mnaoushitaki haupo hapo.

Kwa majirani zetu wa Rwanda, Tom Ritchey, mtengenezaji baiskeli wa Marekani, alibuni baiskeli ya wakulima wa kahawa iliyorefushwa sehemu ya nyuma ili magunia yapate pa kukaa. Alianzia kwenye mzigo, akaijenga baiskeli kuufuata. Sisi tunaanzia kwenye baiskeli mbovu, kisha tunamgombeza mwenye mzigo.

Basi wanaotaka sheria ya kilo watuambie: nani atapima, kwa mzani upi, na faini italipwa na nini kama si mkungu uleule?