Kutajwa Sana Si Kusema Kweli



Wapo wazazi wanaosita kuwapeleka watoto kliniki kupata chanjo ya surua. Ukiwauliza sababu, hujibu: “Yuko daktari mkubwa wa Ulaya aliyeandika kwamba chanjo hiyo inaharibu akili za watoto, na maandishi yake yametajwa dunia nzima.” Je, mtaalamu akitajwa sana, ni lazima awe amesema kweli? Kwa maoni yangu, la hasha!

Kwanza tuelewe desturi ya wataalamu. Mtafiti akimaliza kazi yake, huandika makala katika jarida la kitaalamu, na humo huwataja wenzake ambao kazi zao amezisoma. Kila kutajwa kunahesabiwa. Mwenye makala mengi yaliyotajwa mara nyingi huonekana mkubwa, hupandishwa cheo na kupewa fedha za utafiti. Hesabu hiyo ina faida yake, kwani huonyesha kazi zipi zinasomwa. Lakini haisemi kama zinasomwa kwa kukubaliwa au kwa kupingwa.

Tuchukue mfano wa Drew Weissman, mtaalamu wa kinga ya mwili, na mwenzake Katalin Karikó, mama aliyehamia Marekani kutoka Hungaria mwaka 1985. Walikutana katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwenye mashine ya kutoa nakala za makala, miaka ya mwisho ya 1990. Weissman alikuwa akitafuta chanjo ya UKIMWI. Karikó alikuwa akishughulikia RNA, yaani ule ujumbe ambao seli huufuata katika kutengeneza protini. Mwaka 1995 mama huyo alikuwa ameshushwa cheo, kwa kuwa kazi yake haikuleta fedha za utafiti.

Shida yao ilikuwa hii: RNA iliyotengenezwa maabara ikiingia mwilini, kinga huiona kama adui na kuleta uvimbe mkali. Waligundua kwamba wakibadilisha kidogo moja ya herufi nne za ujumbe huo, kinga hutulia. Jarida kubwa la Nature likayakataa makala yao. Yalitoka mwaka 2005 katika jarida la Immunity, wala hayakuzua shangwe. Miaka kumi na mitano ikapita. Ulipokuja ugonjwa wa Korona, chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna zilizoanza kutolewa Desemba 2020 zilitumia ugunduzi huo. Mwaka 2023 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Je, yaliyoandikwa mwaka 2005 yalikuwa na ukweli mdogo kabla ya watu kuyataja? Hapana, ukweli ulikuwa uleule.

Sasa tazameni upande wa pili. Februari 1998, daktari Mwingereza Andrew Wakefield na wenzake walitoa makala katika The Lancet, jarida mashuhuri, kuhusu watoto 12 tu. Yalidokeza kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubella huenda inahusiana na usonji. Habari zikaenea kama moto wa nyikani. Katika Uingereza, ilipofika mwaka 2003, ni kama watoto 80 tu kati ya 100 waliokuwa wamechanjwa kufikia umri wa miaka miwili. Baadaye ilijulikana kwamba Wakefield alikuwa amepokea fedha kupitia mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Mwaka 2004, waandishi wenzake 10 walijitenga na dai hilo. Mwaka 2010 jarida lilifuta makala yote, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Hata hivyo, makala hayo yametajwa katika maandishi ya kitaalamu zaidi ya 1,000, mengi yakiyapinga! Kwa hesabu tupu, huyu ni mtu mkubwa.

Nini kilichomaliza ubishi? Ni kurudia kazi kwa uaminifu. Katika Denmark, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 537,000 na kutoa matokeo mwaka 2002. Utafiti mwingine ukafuatilia watoto zaidi ya 657,000, matokeo yakatoka mwaka 2019. Mara zote mbili, waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Sisi Wakristo jambo hili lisitushangaze. Bwana wetu hakuwasifu matajiri waliotoa mengi hekaluni, bali mjane mwenye senti mbili. Alitufundisha pia kuutambua mti kwa matunda yake, si kwa wingi wa majani.

Hivyo basi, mzazi mwenzangu, ukiambiwa “mtaalamu fulani amesema”, uliza mambo matatu. Alichunguza watu wangapi? Je, wengine wamerudia kazi hiyo na kuona vilevile? Na ni nani aliyemlipa? Usipopata jibu, muulize mganga au muuguzi wa zahanati yako kabla ya kuamua.

Hapa Tanzania chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na hurudiwa akiwa na miezi 18. Surua huua, na huwapofusha wengine. Itazameni kadi ya kliniki leo hii. Ikiwa nafasi moja iko wazi, msingoje. Maneno ya daktari aliyekwisha kukanushwa yasimnyime mtoto wako kinga yake.

Mungu azibariki familia zetu.