Tovuti Inacheza, MB Zinaisha

Wandugu, leo tuongee kuhusu animesheni, yaani zile picha, maandishi na vitufe vinavyocheza-cheza kwenye tovuti. Hatuzipingi. Wengi wetu hapa Dzaleka tunajifunza kutengeneza tovuti, na kitu cha kwanza kila mtu anataka ni vitu viruke. Lakini tujiulize: hicho kinachoruka kinamsaidia nani?

Tovuti nyingi zinazotuhusu zinatengenezwa na kujaribiwa ofisini, kama pale City Centre Lilongwe, kwa kompyuta nzuri na Wi-Fi ya ofisi. Sisi tunazifungua kambini, kama kilomita 40 kutoka pale, kwa simu ndogo na MB za kununua. Na tangu 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, kwenda mjini kuuliza si jambo la kuamka tu na kupanda minibasi. Kwa hiyo tovuti ndiyo mlango wetu wa ofisi. Sasa mlango ukicheza dansi, tunaingiaje?

Chukua ukurasa wa ufadhili wa masomo. Juu kuna video inayojianzisha yenyewe, chini yake picha zinazopishana. Tarehe ya mwisho ya kuomba imeandikwa juu ya picha ya tatu. Kabla hujamaliza kuisoma, imeshapita. Unangoja izunguke tena, MB zinaisha. Kijana mwenye alama nzuri anakosa nafasi hivyo hivyo.

Animesheni inayofaa ipo. Mtu amejaza fomu, amebonyeza "Tuma", netiweki iko chini. Asipoona kitu, atabonyeza tena na tena, ama atakata tamaa afunge. Mwekee kiduara kidogo kinachozunguka na maneno "Inatuma, subiri", kisha alama ya vema: "Imefika". Hiyo inamwambia kitu. Tena ukiiandika kwa CSS ni mistari michache tu, haili MB kama video.

Kuna pia mambo ya afya. Mwaka 1997 kule Japani, katuni moja ya Pokémon ilimulika rangi nyekundu na bluu kwa haraka sana, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Miongozo ya W3C, wanaoweka kanuni za tovuti duniani, inasema kitu kisimulike zaidi ya mara 3 kwa sekunde, na kinachojichezea zaidi ya sekunde 5 kiwe na namna ya kusimamishwa. Wenye kifafa hata hapa tunaishi nao.

Basi vijana wenzetu, kabla hujakifanya kitu kicheze, jibu kwanza: kinamwambia mtu nini? Kama hakuna jibu, kiache kitulie.

Na nyinyi wa mashirika, kabla ya kuzindua tovuti njooni nayo Dzaleka. Mwombeni kijana mmoja aifungue kwa simu yake, kwa MB mlizomnunulia, atafute tarehe ya mwisho. Nyinyi mkae kimya, mtazame.