Zimwi Lisiloonekana: Kuhusu Safari za Majini katika Mchezo wa Masimulizi

Mnamo 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Tangu hapo vijana wa nchi nyingi wamekuwa wakiketi mezani na kusafiri kwa maneno matupu. Mmoja huwa msimulizi, wengine hujivika uhusika na kusema watendalo, na dadu huamua iwapo wamefaulu. Yamkini mhadhiri atauliza jambo hili linatuhusu nini sisi wanafunzi wa Kiswahili. Kwa maoni yangu, hii ni fasihi simulizi iliyorejea kwa mlango wa nyuma. Nami nilipojaribu kuuchezesha mchezo huo kwa Kiswahili hapa Kisumu, nilikwama pale pale chombo kilipong'oa nanga.

Desturi ya wachezaji wengi ni kuandaa jedwali la mikasa. Kila siku ya safari dadu hurushwa: ikija sita, pweza mkubwa, ikija nne, maharamia, ikija mbili, dhoruba. Mimi naliona jedwali hilo kuwa ufukara wa ubunifu. Pweza huyo hajui nani yumo chomboni wala shehena ni ya nani. Akishauawa, safari huendelea kana kwamba hakuwahi kuwako. Hebu tumkumbuke Sindbad baharia. Kisiwa alichoshukia na wenzake kilikuwa mgongo wa samaki, naye samaki hakushtuka hadi walipowasha moto wa kupikia. Mkasa ulizaliwa na tendo la wasafiri wenyewe.

Kwetu kando ya ziwa tuna mfano uliokomaa zaidi. Katika hadithi yake "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wa 1968, Land Without Thunder, Grace Ogot anamsimulia Oganda, binti wa mtemi, anayepelekwa kuwa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Zimwi lenyewe halionekani hata mara moja. Hofu yote imo katika mwendo wa kuyaelekea maji. Msimulizi wa mchezo akilielewa hili, hatahitaji pweza.

Na ziwa letu lina mikasa yake ambayo haihitaji dadu. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na mchana hugeuka ukarejea pwani. Wavuvi wa mashua za tanga waliutegemea mgeuko huo kutoka alfajiri na kurudi adhuhuri. Basi mtu akichelewa kwa sababu ya tamaa, tayari ana kisa. Tazama pia gugu maji, ambalo kufikia 1998 lilikuwa limetanda sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam. Kwa kuwa huelea na kusukumwa na upepo, mvuvi huweza kuondoka Dunga maji yakiwa wazi, akarudi na kukuta mlango umefungwa kwa zulia la kijani, mafuta ya injini yakimwishia. Nani atashuka kulikata gugu, huku wote wakijua kwamba viboko hujificha humo? Hapo mchezaji hulazimika kuamua, na tabia yake hudhihirika.

Kwa anayetaka miujiza, ipo. Huko Gwassi, Nyamgondho mwana wa Ombare alivuta wavu akaopoa mwanamke mzee. Mwanamke huyo akawa mkewe na kumletea utajiri wa mifugo, hadi ulevi na matusi ya mume vilipomfanya arudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata. Ukimweka mwanamke huyo wavuni mwa wachezaji wako, usiwaambie ni nani. Waache wamtendee watakavyo, kisha safari iendelee.

Sasa nirudi palipokuwa pamenikwamisha, yaani lugha. Msamiati wetu wa vyombo umetoka baharini: foromali, ngama, mkuku, mataruma, joshi na demani. Naukubali kwa moyo mweupe, maana tanga ni tanga hata kwenye maji baridi. Isitoshe, Waluo wenyewe hutumia neno moja, nam, kwa ziwa na kwa bahari. Lakini chombo changu cha kubuni kilipofika Migingo, kile kisiwa cha mwamba ambacho mzozo wake kati ya Kenya na Uganda ulivuma sana mwaka 2009, askari wa doria aliuliza shehena ni samaki gani. Mchezaji mmoja akajibu, "Mbuta." Mwingine, aliyeigiza mvuvi kutoka Mwanza, akasema, "Sangara." Wa tatu, Mganda, akasema, "Mputa." Samaki ni yuleyule mmoja. Askari akadhani anadanganywa, akataka kuizuia mashua, nao wakatumia karibu saa nzima kujinasua kwa Kiswahili, bila kurusha dadu hata mara moja.

Baada ya mchezo, rafiki yangu alinishauri nisahihishe "mbuta" iwe "sangara" katika maandishi yangu, kwa hoja kwamba ndilo neno sanifu. Nimekataa. Neno hilo likiondolewa, askari hana sababu ya kuwashuku, na mkasa wenyewe haupo tena.