Mionzi Haitambui Mpaka wa Ziwa





Mwaka 2025 viongozi wa Kenya walieleza kwamba kinu chao cha kwanza cha umeme wa nyuklia kinakusudiwa kujengwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Sina ugomvi na mpango huo. Kenya ni nchi huru, nayo inahitaji umeme kama sisi. Lakini maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa Mwanza na Musoma, na humo ndimo tunamovua dagaa na sangara. Je, siku kinu kikiharibika, nani atatuarifu, na baada ya saa ngapi?

Swali hili si la woga. Kinu cha Chernobyl kilipolipuka Aprili 26, 1986, wakazi wa mji jirani wa Pripyat, wapatao 49,000, walihamishwa baada ya saa 36 hivi. Uswidi, iliyo mbali zaidi ya kilomita 1,000, iligundua mionzi Aprili 28 kwa vipimo vyake yenyewe, kabla Moscow haijatangaza lolote. Watoto waliendelea kunywa maziwa yenye sumu, na baadaye maelfu wakaugua saratani ya tezi ya shingo. Huko Fukushima, Japani, mwaka 2011, wagonjwa na wazee walihamishwa bila maandalizi, na baadhi yao wakafa kwa sababu ya kuhamishwa kwenyewe.

Sisi wa Mwanza tunajua gharama ya kutojiandaa. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipopinduka, walikuwamo watu hai ndani yake. Meli ikatobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka, ikazama nao. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022, wavuvi ndio waliowahi kufika. Tunawashukuru. Lakini mionzi haionekani wala haina harufu; hakuna mvuvi awezaye kuizamia.

Kwa hiyo naomba serikali zetu, kupitia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu, zikubaliane kwa maandishi kabla jiwe la msingi halijawekwa: taarifa itolewe kwa muda gani, na kwa nani. Tume yetu ya Nguvu za Atomu nayo ipime maji na hewa ya mwambao tangu sasa na kututangazia matokeo, ili baadaye tuwe na cha kulinganisha. Ijulikane pia nani ataamuru pampu za maji zifungwe, wananchi watakunywa nini siku hiyo, na vidonge vya madini joto vya kuwakinga watoto vitatoka ghala gani. Kisha tufanye mazoezi, hata visiwani Ukerewe.

Kinu bado hakijajengwa, hivyo muda tunao. Wahusika wanasemaje?

Mkazi wa Kirumba,
Mwanza.