TUSIIKATAE LINUX KABLA YA KUIJARIBU

Natoa maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa sana muhula huu, madarasani, mabwenini na hata mezani wakati wa chakula. Jambo lenyewe ni kompyuta zetu.

Wasomaji mnajua ya kuwa shule yetu ina kompyuta ishirini, nazo zote huendeshwa kwa Windows 10. Programu hiyo ilikoma kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, ila kwa wale waliojiandikisha kupewa muda wa nyongeza. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali kila kompyuta. Yataka mashine ya miaka ya karibuni yenye kifaa maalum cha usalama ndani yake. Katika kompyuta zetu, kumi na moja hazina sifa hizo. Mwalimu wetu wa kompyuta alishauri hizo kumi na moja zitiwe Linux badala ya kufungiwa stoo. Lakini katika mkutano wa wazazi mzee mmoja alisimama akasema, "Hatukuleta watoto hapa wafundishwe vitu vya bure visivyo na mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Nami niliyekuwa nikipanga viti huko nyuma nilipiga makofi pia. Leo nataka kueleza kwa nini najuta.

Kwanza tujue tunachokikataa, maana usilolijua ni kama usiku wa giza. Windows ni mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, nayo ilianza kuuzwa mwaka 1985. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland. Aliandika kiini cha programu ya kuendeshea kompyuta, akawapa watu wote wakisome, wakitengeneze na wakigawe. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni inayolinda ruhusa hiyo. Basi si kweli kwamba haina mwenyewe. Wenyewe ni wengi, na kampuni kubwa kama Intel na Google huwalipa mafundi wao mshahara kwa kazi hiyo hiyo.

Watu husema kitu cha bure ni kibovu. Mimi nauliza, je, mzee yule alikuwa na simu mfukoni? Kama ilikuwa ya Android, kiini chake ni Linux, naye aliitumia asubuhi ile bila kulalamika. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo na nguvu kuliko zote duniani, katika orodha inayotolewa mara mbili kila mwaka, zimekuwa zikiendeshwa kwa Linux. Hata helikopta ndogo ya Wamarekani iliyoruka katika sayari ya Mars mwaka 2021 iliendeshwa kwa Linux. Kitu kibovu hakipelekwi huko.

Wengine husema Linux ni ya wataalamu, wanaoandika amri juu ya kioo cheusi. Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Siku hizi kuna Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, tena kuna Linux Mint, ambayo sura yake haiko mbali na ile tuliyoizoea. Mwalimu aliitia katika kompyuta moja ya majaribio. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, ambao wengi wao hawakupata kugusa kompyuta kabla ya kuja hapa, waliketi wakaandika barua zao wakazihifadhi. Sisi wa Kidato cha Nne ndio tuliolalamika! Ugumu haukuwa katika mashine bali katika mazoea. Mashine nyingi hutoka dukani zimekwisha tiwa Windows, kwa hiyo tumekua tukidhani Windows ndiyo kompyuta yenyewe.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya wasomaji. Windows ina faida zake. Programu za Microsoft Office hazikutengenezwa kwa ajili ya Linux. Huko hutumika LibreOffice, ambayo hufungua mafaili yale yale, lakini mara nyingine majedwali huhama mahali pake. Programu nyingi za hesabu za maduka na michezo mingi ni za Windows, na mafundi wa mjini wengi huijua hiyo tu. Mji wa München huko Ujerumani ulihamia Linux kwa taabu na gharama, kisha mwaka 2017 baraza lake likakata shauri kurudi Windows. Lakini askari wa Gendarmerie wa Ufaransa wametia Ubuntu katika makumi ya maelfu ya kompyuta zao, nao kazi yao si mchezo. Basi kila mtu na haja yake.

Lililonigeuza moyo ni jambo la nyumbani. Mjomba wangu ana steshenari ndogo. Kompyuta yake ilitiwa Windows ya kunakili, isiyo na leseni, na fundi aliyepita. Likizo iliyopita kirusi kilichotoka katika flashi ya mteja kiliharibu kazi zote, pamoja na barua za maombi ya kazi za vijana wanne. Nilimwambia, "Mjomba, kwa nini usinunue leseni?" Akanijibu, "Mpwa wangu, fedha hiyo ni kodi ya chumba." Kosa halikuwa la watengenezaji wa Windows, lilikuwa letu. Nikakumbuka ya kuwa hapa shuleni mwanafunzi akinakili kazi ya mwenzake huadhibiwa, naye hustahili. Je, inatufaa tumpe aibu yule anayetumia cha bure kwa haki, na tumsifu anayetumia cha fedha kwa wizi?

Tena liko jambo la lugha. Kwa kuwa maandishi ya programu za namna hii yako wazi, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, waliweza kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, wala hawakungoja mwenye mali aone faida kwanza.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kompyuta tisa zibaki na Windows, maana huko makazini wataikuta. Hizo kumi na moja zitiwe Linux kwa mwaka mmoja, kisha wazazi waje waone kazi za watoto wao, ndipo waamue. Darasani mwetu watu wanne huketi mbele ya kompyuta moja. Tukizifungia stoo hizo kumi na moja, watakuwa tisa. Mimi nitakuwa nimekwisha ondoka hapa, lakini wadogo zangu watabaki, na mtoto asiyefikiwa na kibodi hatauliza kama kompyuta ni ya bure au ya fedha.

Mzee wangu uliyesema siku ile, shikamoo. Nilikupigia makofi. Sasa nakuomba uje ujaribu pamoja nasi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne