Kinachokosekana Ufipa si pumzi

Sumbawanga iko juu kuliko Arusha. Wengi hubisha wakiambiwa hivyo, maana Arusha ina Meru kisogoni na jina lake limezoeleka kwa watu wa riadha, ilhali Sumbawanga inajulikana kwa mahindi, maharage na maana ya jina lake, kwamba uchawi utupwe kabla hujaingia mjini. Lakini mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga inakaribia 1,800, na ukipanda milima ya Mbizi unavuka 2,000. Juni na Julai, mtoto wa huku anayewahi namba shuleni hutoa mvuke mdomoni kama birika.

Basi, kama hewa nyepesi ya juu ndiyo mama wa wakimbiaji, mbona majina ya wanawake wetu wa mbio ndefu yanatoka kwingine? Zakia Mrisho, aliyeshika nafasi ya 6 kwenye mita 5,000 za mashindano ya dunia ya Helsinki mwaka 2005, ni wa Singida. Restituta Joseph naye ni wa Singida. Mbulu na Hanang zimeshazoea kutoa wakimbiaji. Ufipa, nchi ya Sumbawanga, yenye baridi ileile, vilima vilevile na watoto wanaotembea mwendo uleule kwenda shule, iko kimya.

Kwenye kijiwe cha bodaboda jibu hupatikana haraka, nalo huwa moja kati ya mawili. La kwanza: mbio ziko damuni, wenzetu wamezaliwa nazo. La pili: wenzetu wanajituma, wasichana wetu wamelala. Nimeyasikia yote mawili kwa miaka, na yote mawili yananiudhi, la pili zaidi.

Tuanze na la damu. Mtafiti Yannis Pitsiladis na wenzake walitumia miaka mingi kuchunguza wakimbiaji wa Ethiopia na Kenya wakitafuta jeni ya mbio. Jeni moja iliyovumishwa sana, ACTN3, walipoipima haikuwatenga mabingwa hao na majirani zao wasiokimbia. Hiyo haimaanishi kipaji ni hadithi. Mwalimu yeyote wa michezo atakuambia kuna mtoto ukimpa mazoezi ya wiki tatu anabadilika mbele ya macho yako, na mwingine ukimpa miezi mitatu yuko palepale. Kipaji kipo. Ila hakigawiwi kwa kabila wala kwa mkoa, na kama ni suala la damu ya kutembea, hata sisi tunayo: simulizi za Ufipa zenyewe zinasema utawala wa kale wa Milansi ulichukuliwa na wanawake wageni, Watwaci, waliofika kwa miguu kutoka mbali, mfalme akiwa mawindoni.

Utafiti mwingine, uliofanywa na Vincent Onywera wa Kenya pamoja na kundi hilohilo, uligundua kitu cha kawaida zaidi: wakimbiaji wa kimataifa wa Kenya walikuwa wamekimbia kwenda shule utotoni kuliko watu wengine. Hapo ndipo wa kijiweni hupiga makofi. Umeona? Juhudi!

Haya, njoo tuitazame juhudi kwa karibu. Mwezi wa tatu mwaka mmoja nilisimama kwenye uwanja wa shule moja ya msingi nje ya mji, wakati wa kuchagua watoto wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mistari ilichorwa kwa majivu. Msichana mmoja wa darasa la sita, miguu mitupu, kandambili kaziweka vizuri kando ya goli, aliwaacha wavulana kwenye mzunguko wa pili kama waliosimama. Hakuwa na mtindo. Mikono ilirukaruka, kichwa kimeinamia bega la kushoto. Lakini alipofika mwisho hakujilaza chini kama wenzake. Alivaa kandambili zake akauliza kama anaweza kuondoka.

“Mwanangu, jioni kuna mazoezi,” mwalimu alimwambia.

“Mwalimu, mama yuko shamba.”

Shamba la Ufipa mwezi wa tatu maana yake ni matuta. Si matuta marefu ya jembe la ng'ombe, ni yale ya duara, intumba, ambayo majani hukatwa, hurundikwa na kufukiwa kwa udongo ili yaoze yawe mbolea ya msimu ujao. Ni kilimo cha akili sana, na ni kazi ya kuvunja mgongo. Mtoto huyu alikuwa ameamka gizani, amechota maji dumu la lita 20, ametembea na kukimbia kilomita kadhaa hadi shuleni, ameshinda darasani kwa uji, amekimbia mbio zile, na sasa anarudi kuinama juu ya jembe mpaka jua lizame. Akifika nyumbani kuna kuni, kuna kupika, kuna mdogo wa kubeba. Huyo ndiye anayeambiwa hajitumi.

Watu wa mazoezi wanajua jambo ambalo kijiwe hakijui: mwili haujengeki wakati wa kukimbia. Wakati wa kukimbia unabomoka. Unajengeka usiku, umelala, tumboni mna chakula. Ndiyo maana kwenye kambi za Iten na Kaptagat huko Kenya mkimbiaji akimaliza mazoezi ya asubuhi hula, hulala, huamka, hukimbia kidogo jioni, hulala tena. Mgeni akifika mchana huona vijana wazima wamejinyoosha kama wavivu. Uvivu huo ndio nusu ya kazi. Mchumia juani hulia kivulini, tunasema. Msichana wa Ufipa anachumia juani na kulia hukohuko juani. Jasho analo la kutosha. Analokosa ni usingizi.

Mkimbiaji Lornah Kiplagat alilielewa hilo alipojenga kambi yake Iten, akiwafikiria kwanza wasichana: waondoke jikoni walau kwa muda, wapate kitanda na sahani. Colm O'Connell, mwalimu wa jiografia kutoka Ireland aliyefika Iten mwaka 1976 bila kujua lolote la riadha, naye alikuja kuwa na kambi za wasichana wakati wa likizo, na mmoja wa waliopitia mikononi mwake, Lydia Cheromei, akawa bingwa wa dunia wa vijana wa mbio za nyika mwaka 1991 akiwa na miaka 13. Bekoji huko Ethiopia ni hivyohivyo: mwalimu wa shule, Sentayehu Eshetu, ndiye aliyewaona kwanza Derartu Tulu na Tirunesh Dibaba. Kila nikifuatilia chanzo cha bingwa ninamkuta mwalimu mmoja amesimama kwenye nyasi ameshika saa. Hata Faith Kipyegon, mwenye dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1,500, aligundulika kwenye kipindi cha michezo shuleni alipowaacha wenzake kwenye kilomita moja. Yeye mwenyewe alikuwa anapenda mpira.

Mchezo unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko mbio uko mbali kabisa na sisi: wanawake wanaoteleza na kuruka kwenye barafu. Huko mabishano ya kipaji na juhudi hayajawahi kupoa. Midori Ito wa Japani, mwenye kimo cha mita 1.45 hivi, alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka akseli ya mizunguko mitatu na nusu kwenye mashindano ya dunia, Paris, 1989. Wote walisema: kipaji, miguu ya chemchemi. Husahaulika kwamba Ito alilelewa nyumbani kwa kocha wake, Machiko Yamada, tangu utotoni. Kuna mtu aliyemlisha na kumlaza. Halafu zikaja zama za wasichana wa Urusi wa miaka 15 wanaoruka mizunguko minne, miili ikichakaa kabla ya utu uzima, mpaka chama cha kimataifa cha mchezo huo kikaamua mwaka 2022 kupandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka 15 hadi 17. Na katika miaka hiyohiyo Kaori Sakamoto, mtu mzima asiyeruka mizunguko minne, alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2022 hadi 2024. Juhudi isiyo na mapumziko ilikula watoto. Iliyo na mapumziko ilizaa bingwa.

Nitaulizwa habari za Tegla Loroupe. Alikimbia kilomita 10 kwenda shule, alilima, alilea wadogo, na mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York. Ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba wakubwa wa riadha Kenya walimkataa mwanzoni kwa sababu ni mdogo na mwembamba mno, mpaka aliposhinda pekupeku mbio za nyika mwaka 1988. Waliomtazama kwa macho walikosea. Mbio ndizo zilizomtetea, na mbio hizo zilikuwepo, zimepangwa, zina watazamaji. Hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa nchi nzima, na kizazi kizima cha watoto kikakimbia bila kuonwa na mtu. Mashindano ya Ladies First, yaliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2017 kwa ushirikiano wa Baraza la Michezo la Taifa na Wajapani, huku mkimbiaji wetu wa zamani Juma Ikangaa akiwa mstari wa mbele, yamesaidia kuwaleta wasichana wa mikoani uwanjani. Ni mara moja kwa mwaka. Magdalena Shauri alishika nafasi ya 3 kwenye marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, na nyuma yake kuna jeshi, yaani mshahara, chakula na ruhusa ya kukimbia.

Rukwa, mkoa wetu, inatajwa pia miongoni mwa mikoa yenye mimba nyingi za utotoni. Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akarudi, na rekodi zake zote za dunia za mbio za mtu mmoja mmoja ameziweka akiwa mama. Kwetu mlango wa kurudi shule baada ya kujifungua ulifunguliwa rasmi Novemba 2021 tu. Tuhesabu ni miguu mingapi iliishia hapo kabla ya mwaka huo.

Yule msichana wa darasa la sita sikumwona jioni ile kwenye mazoezi. Mwalimu alinionyesha daftari la mahudhurio, mstari wenye jina lake umejaa alama za utoro za msimu wa matuta, na pembeni ameandika kwa penseli muda alioupima kwa simu yake: 2:41, mita 800. Nilimuuliza kama uwanja una mita 400 kweli. Akacheka. Haujawahi kupimwa.