Pikapu Hunyooshwa na Mzigo

Kuna mtindo umeenea kwa wenye pikapu, nao umefika Meru na Embu kama ulivyofika Mombasa. Mtu hununua gari lake, akalipeleka gereji akitaka pua yake ipandishwe mpaka mbele na nyuma ziwe sawa, kisha akatia magurudumu makubwa kuliko yale lililotoka nayo kiwandani. Likishasimama hivyo, haki isemwe, gari lapendeza. Laonekana lina kifua. Sisi hatuna ugomvi na pambo. Watu ambao mababu zao walitia nakshi tezi za vyombo vya bahari hawawezi kumlaumu kijana wa Maua kwa kulipamba gari lake. Ugomvi wetu waanza pale gari hilo linapopakiwa.

Pikapu ikiwa tupu huinama mbele kidogo na kunyanyuka nyuma. Wengi hudhani ni kasoro, wala si kasoro. Springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyolaliana, zimewekwa zikiungojea mzigo. Ukipakia, nyuma yashuka na gari lakaa sawa. Mabaharia wetu walilijua jambo hili kabla ya motokaa kuonekana Afrika. Naodha hakuwa akikipima chombo kikiwa kitupu. Kilipokosa shehena alikitia farumi, mawe au mchanga, kikae majini inavyopasa. Na kilipopata shehena alitazama kama kimelalia tezi au omo, akaamrisha magunia yahamishwe kabla ya kutweka tanga. Mwenye kuinyoosha pikapu tupu afanya kinyume cha hayo. Aipima siku isiyokuwa na kazi, kisha aipeleka kazini.

La ajabu ni kwamba mafundi wa Meru walikwisha kulitatua jambo hili zamani. Biashara ya miraa ya Nyambene, kule Igembe na Tigania, imebebwa miaka mingi na Toyota Hilux. Miraa ikishachumwa hupoteza nguvu zake kwa muda wa siku mbili hivi. Ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya mgomba isikauke, na ndiyo sababu gari hukimbia kutoka Maua kupitia Embu hadi Nairobi, mzigo ukawahi ndege ya Somalia katika uwanja wa Wilson. Soko hilo la Somalia lilifungwa Machi 2020 likafunguliwa tena Julai 2022, na kila lilipofunguka mbio zilirudi pale pale. Kwa safari hiyo fundi huongeza vipande vya springi upande wa nyuma. Gari tupu husimama limebinua nyuma kama panzi, pua chini, halina uzuri wowote wa kutazamwa. Lakini lipakie magunia hadi juu, utaliona limenyooka kama uzi. Umbo lile baya lilikuwa na akili ndani yake.

Mtindo mpya hauna akili hiyo. Katika Hilux nyingi za zamani, na pikapu nyingine za rika lake, mbele hubebwa na nondo mbili ndefu za chuma zinazojisokota. Fundi hukaza bolti, nondo husokotwa zaidi, gari hupanda. Katika zile za karibuni mbele mna springi za mviringo, na fundi hutia kipande cha chuma au cha plastiki ngumu juu yake. Njia zote mbili hazilipi gari nguvu hata chembe. Hulibadilisha kimo tu. Shokomzoba hubaki imevutika karibu na mwisho wake, hata gurudumu likiingia shimoni halina pa kushukia. Bolijointi hukaa upande, na tairi huanza kulika ukingo mmoja. Mwenye gari asipolipeleka kupimwa alaimenti upya, na wengi hawalipeleki, usukani humvuta mkono njia nzima.

Hayo ni ya mfuko wake, na anaweza kusema mfuko ni wangu. Taa si za mfuko wake. Taa za chini huelekezwa ziiname kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita. Sasa ipandishe pua ya gari inchi 2, yaani sentimita 5, katika gari ambalo kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni takriban mita 3. Hesabu ni ya mtoto wa shule: mwanga umeinuka sentimita 1 na zaidi ya nusu kwa kila mita, na taa iliyokuwa ikitazama lami yatazama mbinguni. Tia magunia nyuma, tezi ishuke, inuka tena. Dereva anayekuja mbele yake usiku hapigwi na taa za juu, apigwa na zile za chini ambazo mwenye gari aapa kwa dhati kwamba amezishusha.

Breki ndizo zinazotutia hofu zaidi, kwa kuwa hazionekani. Pikapu nyingi, Hilux zikiwamo, zina valvu ndogo nyuma yenye kifimbo kilichounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima umbali kati ya bodi na ekseli. Bodi ikiwa juu, valvu hufahamu kwamba gari ni tupu, ikapunguza breki za nyuma ili magurudumu yasikwame yakateleza. Bodi ikishuka kwa mzigo, huzipa breki hizo nguvu kamili. Mtu akiongeza springi za nyuma asirekebishe kifimbo, bodi yabaki juu hata ikiwa na tani nzima, na valvu yadanganyika. Kosa hili, tuseme ukweli, hata mafundi wa zamani wamelifanya. Basi gari limejaa, lashuka mteremko, na breki za nyuma zafanya kazi ya gari tupu.

Juu ya hayo huja magurudumu. Tairi ya 225/70 ya rimu ya inchi 15 ina kipenyo cha karibu sentimita 70. Mtu aking'oa hiyo akatia 265/70 ya rimu ya inchi 16, kipenyo chawa karibu sentimita 78. Kila mzunguko mmoja gari laenda mbali zaidi, lakini mita ya kasi haijui. Yahesabu kama zamani. Kama ilikuwa ikisema kweli, dereva akiona 80 huwa anakwenda 89. Na kwa kuwa masafa ya kusimama hayaongezeki sawa na mwendo bali huzidi, zile kilomita 9 zilizojificha humtaka nafasi ya karibu robo zaidi baada ya kukanyaga breki. Tairi lenyewe ni zito na kubwa, na kulizuia kwataka breki kali kuliko zile zile za kiwandani alizoziacha.

Yangekuwa maneno ya gereji kama njia ingekuwa tambarare. Barabara ya Meru hadi Embu yapita miguuni mwa Mlima Kenya upande wa mashariki, na kila mto utokao mlimani umeichimbia bonde. Gari hushuka, hupinda, huvuka daraja, hupanda, kisha hushuka tena. Nithi hapo, Thuchi pale. Julai 2022 basi lililotoka upande wa Meru lilitumbukia penye daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Lile lilikuwa basi wala si pikapu. Twalitaja ili msomaji wa Lamu au wa Kwale aijue miteremko yenyewe.

Sasa tuje kwetu. Mogoka wanaotafuna vijana wetu watoka Mbeere, Embu, kiasi cha kilomita 600 na Mombasa. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliupiga marufuku, mahakama ikasimamisha, na kelele zikawa nyingi pande zote. Uhalali wa jani hilo twawaachia masheikh, ambao wamelisema na hawajachoka kulisema. Katika kelele zote zile hatukumsikia mtu akiuliza habari ya gari linaloleta. Hali sisi ndio tunaolikimbiza. Mzigo mbichi wapata bei, uliochelewa wauzwa kwa kubembeleza, na baraza likinuna jioni moja, dereva wa Runyenjes huelezwa keshoye kabla hajatia ufunguo. Wengine huandika Tawakal kwenye kioo wakaona yamekwisha. Kisa cha bedui na ngamia wake kila mtoto wa chuoni anakijua.

Anayependa magurudumu makubwa kwa gari la kutembelea, akapima taa na usukani wake, hatumzuii. Gari la miraa si la kutembelea. Mwenye kutaka kulipandisha na alipeleke gereji likiwa na magunia yake, fundi apime kimo hapo, ashushe taa, arekebishe kile kifimbo, na amwambie mwenyewe waziwazi mita yake inasema uongo kiasi gani. Fundi asiyejua kazi ya kifimbo hicho aseme hajui, asichukue pesa.

Na wakaguzi wa magari nao wana lao. Gari la mizigo hupelekwa kukaguliwa kila mwaka, na mwenyewe hulipeleka likiwa tupu na limeoshwa, siku ambayo kila kitu chake chaonekana kimenyooka. Wakiliona limepandishwa, wamwulize mwenye gari hubeba nini na magunia mangapi, kisha mmoja wao ainame nyuma atazame kifimbo kimekaaje. Hiyo si kazi ya dakika tano.